Mzigo Usio na Mwenyewe

Somo wangu alikuwa mwanamke mwenye sifa Bagamoyo nzima. Aliwafunda mabinti wa nyumba zenye milango ya nakshi, na nyumba zenye milango ya mbao za sanduku, kama yetu, zilingoja zamu. Nilipovunja ungo mama alimpelekea ada yake na kuku juu, nikawekwa ndani, na kazi ikaanza. Alinifundisha kutembea bila kuburura visigino, kukunja nguo za mume, kupika mchuzi wa nazi usiokatika, na kupokea kofia ya bwana kwa mikono miwili. Lile jambo lenyewe lililomleta alilifundisha kwa mafumbo, kwa kuwa mambo ya aibu, alisema, husemwa yamefunikwa. "Mlango usiofungwa," aliniambia, "mbuzi huingia akala mtama." Nikaitikia, "Nimesikia, somo." Na kweli nilisikia. Tangu siku hiyo sikuacha kufunga mlango. Bahati mbaya fundi baisikeli alikuwa keshaingia.

Huyo fundi nitammaliza hapahapa, maana yeye mwenyewe hakukawia. Alipopata habari za mimba alisema anakwenda Tanga mara moja kununua spoku. Nadhani bado anachagua.

Tumbo lilipoanza kusema, somo alikuja mbio, baibui linapepea. Nikadhani amenijia mimi. Kumbe alikuja kumweleza mama kwamba funzo alilitoa kamili, hakubakiza hata herufi, na kama binti hakuelewa basi kichwa ni cha kwao. Kisha akalia. Alilia kwa uchungu wa kweli, kwa sababu alikuwa ameshaziona kwa macho ya moyo zile khanga atakazotunzwa siku ya harusi yangu, atakapotoka chumbani akiipunga nguo nyeupe yenye doa mbele ya wanawake. Vita vilikuwa vimekwisha, khanga zimeanza kurudi madukani, na mimi nimemharibia. Aliondoka bila kuniuliza kama nimekula. Sikumwona tena mpaka mambo yalipotengenea, kwani watu wa namna hiyo wana pua.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano.

Baba alikuwa karani wa forodha, na alikuwa na vitu viwili vya kujivunia: mwavuli wake na Ushirazi wake. Mwavuli aliununua Dar es Salaam, mweusi, mpini wake wa pembe. Aliubeba masika na kiangazi. Msikitini hakuuacha mlangoni pamoja na viatu kama watu wengine, aliulaza mbele yake, na kila akisujudu paji la uso liligusa mkeka na jicho liligusa mwavuli. Ushirazi sijui aliununua duka gani. Bibi mzaa baba alizaliwa na kuzikwa mashambani kwa Wazaramo, kisamvu kikiwa mdomoni, na hajapata kumwona Mshirazi hata wa kuazima. Lakini baba alipopata ukarani aligundua kwamba wazee wetu walikuja kwa chombo kutoka ng'ambo.

Mtoto alizaliwa, wa kiume, na baba hakuja kumwona. Hakuuliza hata ni wa kiume au wa kike. Alipotaka habari zetu alimwambia mama, bila kuinua macho kwenye sahani, "Ile hali inaendeleaje?" Mama akajibu, "Hali inanyonya." Hivyo mwanangu aliishi siku zake za kwanza duniani akiitwa Hali.

Shangazi, dada yake baba, hakuwa na subira ya mafumbo hayo. Yeye alisema mzigo. "Mzigo huu tutautua wapi?" aliuliza asubuhi, akauliza jioni, kwa sauti ya mtu aliyeubeba yeye. Alikuwa amehamia kwetu ili kuitunza heshima ya ukoo, na heshima ya ukoo ilihitaji chai ya maziwa kila alasiri. Aliamuru nifungiwe chumba cha nyuma, kile cha magunia na majembe. Aliamuru pasiwe na akika wala wageni. Hata uji wa pilipili manga, ambao pwani hii hata mwanamke maskini huupata akijifungua, aliuzuia. "Uji wa mzazi hupewa mzazi," alisema, "na mzazi ni mwenye mume." Mama alitii. Mama alimwogopa wifi yake kuliko alivyowaogopa malaika wa kaburini, Munkari na Nakiri.

Basi nikalala chumbani humo nimegeukia ukuta. Maziwa yalijaa yakawa mawe. Mtoto akinyonya napiga kelele mimi, asiponyonya anapiga kelele yeye. Nilimnyonyesha nimefumba macho, na uso wake sikuujua. Nasema jinsi ilivyokuwa: nilitaka kufa, na nilidhani kufa ni kazi nyepesi, mtu anaacha kula tu, basi.

Nyumbani kwetu alikuwa akija mwanamke wa makamo kututwangia mpunga. Alizunguka nyua za mji na mchi wake mwenyewe begani, kwa sababu alisema michi ya Waswahili ni mizuri kwa kusimamishia pazia. Baba yake alishuka kutoka Unyamwezi na pembe ya ndovu begani, akaitua Bagamoyo, akaonja samaki, na safari ya kurudi akaisahau. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ambayo hata kadhi hana. Anaweza kukutukana usoni mbele ya wakwe. Huchukua kitu chako mpaka ukikomboe. Na wewe ukikasirika, mwenye kukosa adabu ni wewe. Baba alikuwa akimwambia kwamba Mshirazi hana utani na wapagazi. Naye humjibu, "Hewala, Mshirazi wa Mlandizi," kisha humvua kofia na kuondoka nayo mpaka baba atume mtu na samaki wa kuikombolea.

Siku hiyo alikuwa uani akitwanga, mtoto akalia. Kishindo cha mchi kikanyamaza. Nikasikia shangazi akisema, "Ni paka." Mlango ukafunguliwa, akaingia, uso umejaa pumba mpaka kwenye kope. Akatutazama sisi wawili.

"Hiki nini?" akauliza. "Mmefuga panya mkubwa namna hii, halafu mnaniita nitwange mpunga nimlishe nani?"

Nikajivuta karibu zaidi na ukuta.

"Na wewe umelala kama gunia. Wazaramo bwana. Mkipigiwa ngoma mnacheza mpaka kuku wanawaonea haya, mkipewa kazi ya mtu mmoja mnageukia ukuta." Akamwinamia mtoto. "Loo, sijaona kitu kibaya hivi. Kimekunja uso kama karani wa forodha aliyepunjwa. Pua iko wapi? Au itakuja baadaye?"

"Si mbaya," nikasema. Sauti yangu nilikuwa sijaisikia kwa siku kadhaa, ikanishtua.

"Ni mbaya."

"Si mbaya!"

"Haya, niambie hapo kizuri ni kipi. Mimi ni mgeni, nionyeshe."

Nikageuka ili nimwonyeshe. Hivyo ndivyo nilivyomtazama mwanangu mara ya kwanza, nikiwa nimekasirika, natafuta hoja ya kumshinda Mnyamwezi. Nikaona ana masikio ya mama. Nikaona ana kishimo kidevuni. Nikasema, "Tazama kidevu." Akasema, "Mh. Kidevu nimekikubali. Kingine?" Nikaendelea kutafuta, nikajikuta nalia, na nilikuwa simlilii fundi baisikeli wala nguo nyeupe. Nilikuwa nampenda yule mtoto kwa ghafla mpaka nikaogopa.

Hakunibembeleza. Alitoka uani akamwambia shangazi kwamba kwa haki ya utani amechukua kibaba cha mchele wetu, na anayetaka kukirudisha aje apigane na mchi. Akapika uji humohumo jikoni kwetu, akautia pilipili manga mpaka macho yakaniwasha, akasimama mbele yangu mpaka nikaumaliza. Kisha akachemsha maji, akanikanda kwa kitambaa, matiti, mgongo na nyonga, huku akiutukana ukoo wangu mifupa kwa mifupa. Mikono ile ilikuwa migumu. Usiku wake nililala.

Tangu hapo alikuja kila siku, kuna mpunga hakuna mpunga. Shangazi alijaribu kumfungia mlango wa uani. Akaimba barabarani, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, wimbo alioutunga papo hapo juu ya Washirazi wanaomnyima mtani maji ya kunywa. Mlango ukafunguliwa. Mwanangu yeye alimwita "mume wangu," mimi akaniita "mke mwenza," na alinifundisha kumbeba, kumwosha, kumtoa gesi, yote kwa njia ya kunicheka. Nikimshika vibaya huniuliza kama nabeba mtoto au natupa samaki aliyeoza. Somo alinifunda kwa heshima kubwa na sikuambulia kitu. Huyu alinifunda kwa matusi na mpaka leo sijasahau hata moja.

Wakati huohuo shangazi alikuwa amepata mahali pa kuutua mzigo. Kulikuwa na jamaa yake wa mbali, mwanamke wa Lugoba, asiye na mtoto. Huyo atamchukua mtoto, Lugoba kutasemwa ni yatima, Bagamoyo hakutasemwa kitu. Mimi nami nilikuwa nimeshaposwa na mzee mmoja wa Mkwaja aliyefiwa na mke, mwenye minazi mingi na meno machache. Alitaka mwari. Shangazi alimpelekea habari kwamba binti yuko ndani. Nilikuwa ndani kweli. Hakueleza tu nilikuwa humo na nani. Mimi sikuulizwa, na baba aliposikia mpango alisema, "Bora hali itulie."

Haukupita muda akafariki babu mdogo, ami yake baba, Mungu amrehemu, mzee ambaye hajapata kumsumbua mtu mpaka siku hiyo. Matanga yakawekwa kwetu. Jamaa wakaja kutoka mashambani, wengi na wenye njaa, na miongoni mwao mwanamke wa Lugoba. Hapo ndipo akili ya shangazi ilipoonekana. Nilimsikia nyuma ya kiambaza akimwambia mama, "Siku ya kuanua matanga watu watatawanyika na mafurushi yao. Nani atatazama furushi moja?" Mama alikuwa akilia, lakini mama alilia pia akimenya vitunguu, basi hakuna aliyejali.

Asubuhi ya siku hiyo mtani alikuja kutwanga mchele wa pilau. Nikamwambia yote. Hakuacha kupepeta.

"Mzigo huo una mwenyewe?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Wewe mwenyewe ni mzigo. Nauliza mwenye mzigo."

Nikakasirika naye, na safari hii kwa kweli. Nilimwambia kama hawezi kunisaidia aache kunicheka. Akapuliza pumba, akasema mchele wa kwetu una mawe kama moyo wa shangazi, akaendelea na kazi yake. Nikarudi chumbani nikamkumbatia mtoto na kungoja waje wamchukue.

Aliyekuja kumchukua alikuwa yeye. Ilikuwa mchana, wanaume wameketi kwenye mikeka mbele ya nyumba, masinia ya pilau yamefika. Aliingia na ungo mkubwa, akautandika khanga, akanyoosha mikono. "Lete." Sijui kwa nini nilimpa. Labda kwa sababu hakuwahi kunishika kwa uongo. Akamlaza mtoto ndani ya ungo, akaushika mbele ya kifua, akatoka kwa mlango wa mbele, kati ya wanaume, mahali ambapo mwanamke asiye mtani hapiti. Mimi nikakimbilia dirishani, nikatia jicho kwenye ufa.

Hakuna aliyeshangaa. Watani walikuwa wameshanyakua upawa wa mpishi na viatu vya mwalimu wa chuo, na watu walikuwa wakisubiri mzaha mwingine. Akasimama katikati.

"Waungwana," akasema, "sisi Wanyamwezi kazi yetu mizigo, hilo mnalijua, mnatutukana kwalo kila siku. Nimeokota mzigo huu chumba cha nyuma, umefichwa pamoja na majembe. Nauliza mwenyewe nani."

Kicheko kikafa. Waliokuwa wamepeleka tonge mdomoni waliliacha hewani. Shangazi akatokeza kichwa mlangoni.

"Mtani, mambo mengine hayana mzaha. Mrudishe ndani."

"Wako?"

"Si wangu."

"Basi usiniamrishe mzigo wa watu." Akazunguka, akiuonyesha ungo sinia kwa sinia, kama mtu anayeuza. "Mzigo huu hauna mwenyewe? Una kishimo kidevuni. Haunuki sana." Akafika mbele ya baba. "Mzee Mshirazi, wewe unajua sheria za mizigo, ndiyo kazi yako. Mzigo usio na mwenyewe forodhani unakuwaje?"

Baba aliutazama mwavuli wake. "Sisi," akasema, "kwa asili yetu, hatuna utani na..."

Hakumaliza. Mzee mmoja wa mashambani, binamu yake, akaangua kicheko mpaka pilau likampalia. "Asili ipi? Wewe si tulikuwa tukilinda ngedere pamoja kwenye mihogo ya bibi? Mkomboe mtoto kwa mtani, acha kujivika kilemba cha watu." Wote wakacheka, na baba akabaki na macho ya mtu aliyevuliwa kanzu sokoni.

"Basi hauna mwenyewe," akasema mtani. "Nauchukua. Nakwenda nao kwetu Tabora." Akageuka, akashika njia.

Niligandamiza jicho kwenye ufa. Nilimwona akipita masinia, akipita mkeka wa mwisho, akifika barabarani. Hakuwa akitembea polepole. Nilielewa kwamba asipoitwa hatarudi, na kwamba ameicheza kamari bahati yangu yote kwa mara moja. Sijapata kumchukia mtu kama nilivyomchukia baba muda ule aliokaa kimya.

"Mtani," akaita baba.

Akasimama bila kugeuka. "Naam."

"Rudisha hiyo hali."

"Hali? Nilichobeba mimi kina miguu, kimenikojolea sasa hivi."

Baba akainuka. Nilidhani atamfuata apigane naye.

"Mjukuu wangu," akasema.

"Sauti, mzee. Masikio ya wapagazi yana vumbi la njia."

"Mjukuu wangu. Nirudishie mjukuu wangu." Na safari hii alisema kwa hasira, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, ambako mama aliangusha sufuria.

Mtani akarudi. Binamu yule na wengine wakaanza kutoa senti, kwa kuwa kukomboa ni kukomboa. Akazikataa zote. Akanyoosha kidole kwenye mwavuli. Baba aliukumbatia kwanza, nasema kweli, aliukumbatia. Halafu akautoa. Ungo ukatua mapajani kwake, na sote tukamwona karani wa forodha amekaa na mtoto, hajui ashike wapi, akimtazama kile kidevu. Baba naye ana kishimo.

Mwanamke wa Lugoba alirudi kwao na furushi la pilau. Namhurumia sasa, hakuwa na kosa, alitaka mtoto tu na akapewa ahadi na mtu asiye mwenye mali. Mzee wa Mkwaja alijiondoa mwenyewe, habari zilipomfikia. Shangazi alishikwa na kichwa, akaenda kuugulia kwake. Somo alikuja na khanga ya kunitunza kwapani, akawaambia wageni kwamba aliyemfunda binti huyu ni yeye, tazameni anavyobeba mtoto.

Mimi nilianza kutoka na mtani, mchi begani na mtoto mgongoni. Kila mji una vyumba vyake vya majembe, na yeye alikuwa na sikio la kusikia "paka" kutoka ua wa tatu. Tukiingia, alimtukana binti na mimi nilipika uji. Baadaye nilijifunza kutukana na mimi, ingawa sijamfikia.

Baba hakununua mwavuli mwingine. Kila masika yalipoingia alimshika mjukuu mkono, wakaenda Dunda, mahali mtani alipokuwa akiuza mihogo ya kuchemsha baada ya bega kuukataa mchi, na kila mara alichagua saa ambayo wanunuzi wamejaa. "Mtani," husema, "mvua zimefika. Nirudishie mwavuli wangu." Naye hujibu bila kuinua uso kwenye chungu, "Nirudishie mzigo wangu." Baba humtazama mtoto, hutazama mawingu, kana kwamba anafikiri. "Kaa nao," husema. Kisha hurudi nyumbani wote wawili wameloa chapachapa, koti la forodha liko kichwani kwa mtoto.

Mwaka mmoja mama alichoka kuanika nguo. Akamwuliza kwa nini mtu mzima mwenye mshahara hanunui mwavuli mwingine.

"Nikiwa nao," akasema baba, "nitakwenda kumdai nini?"